Kanuni za Kumsomea Mtoto

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, kila mtoto atakayezaliwa atasomewa vitabu, apende asipende. Tangazo hilo lilibandikwa zahanati, sokoni, kwenye ofisi za mitaa na, kwa sababu ambazo bado zinachunguzwa, kwenye mlango wa choo cha stendi. Chini yake palikuwa na sahihi ndefu yenye mikia mitatu, na sahihi hiyo ilikuwa ya Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Kusomea Watoto Tangu Kuzaliwa.

Bwana huyu alikuwa amekaimu miaka tisa. Usicheke. Wapo watu waliooana, wakaachana na wakarudiana ndani ya miaka hiyo, na yeye bado anakaimu. Idara ilibadilishwa jina mara nne akiwa humohumo. Iliwahi kuwa Kitengo cha Chaki, ikawahi kuwa Dawati la Madaftari, lakini neno kaimu lilimng'ang'ania kama kupe. Watu wakaona wasijichoshe, wakamwita Kaimu, basi. Hata mkewe alimwita hivyo akikasirika. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: barua ya kuthibitishwa kazini. Na barua yenyewe ilikuwa imeshaandikwa, imo ndani ya bahasha ya kaki, ndani ya mkoba wa msaidizi wa Mheshimiwa Waziri. Angekabidhiwa siku ya uzinduzi, mradi mambo yaende sawa.

Sasa tuseme ukweli, maana ukweli haugombi: wazo la kusomea vichanga halikuwa la Kaimu. Lilikuwa la mkunga wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha waliozimia. Mkunga aliweka tenga la vitabu vya watoto kando ya mizani ya kupimia vichanga. Mama akishajifungua, anapewa mtoto mkono mmoja na kitabu mkono wa pili.

"Msomee," anaambiwa.

"Si haelewi huyu?"

"Kwani maziwa anayaelewa? Wewe mpe tu."

Mambo yakaenda. Fundi cherehani wa jirani akashona vitabu vya vitambaa kwa mabaki ya mashati. Fundi viatu akawa anavitia uzi wa nta vile vilivyotafunwa. Mstaafu mmoja wa posta, aliyekuwa amechoka kukaa nyumbani akisemwa na mkewe, akawa anakuja kila Jumanne, siku ya chanjo, kuisomea foleni nzima. Ikafika mahali mtoto wa mwaka mmoja akiwekwa chini pale zahanati, haangalii sindano wala nesi, anatambaa moja kwa moja hadi kwenye tenga.

Kaimu alizisikia habari hizo, akaenda kujionea mwenyewe, akaguswa sana. Aliguswa kiasi kwamba alilichukua lile tenga siku hiyohiyo kwa ajili ya uratibu.

"Uratibu ndiyo mdudu gani?" Mkunga akauliza.

"Ni kuhakikisha, mama, kwamba jambo linalofanyika linafanyika."

"Si lilikuwa linafanyika?"

"Lilikuwa linafanyika bila kuhakikishwa," akasema Kaimu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Tenga likaenda kufungiwa stoo ya Idara, likabandikwa karatasi: VIELELEZO.

Ikaundwa Kamati ya Kanuni, watu kumi na wawili. Walikaa siku nne, na siku ya nne wakagundua kwamba kuandika kanuni kunahitaji mtu aandike. Akaitwa Karani wa Masijala, mwanamke mkavu aliyejua kila faili lilipolala, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Akaombwa alete kanuni zozote za vibali, ziwe kama mfano. Zilizokuwa karibu na mlango zilikuwa Kanuni za Kumiliki Silaha. Kamati ilizipenda palepale: zina vifungu, zina adhabu, zimenyooka. Wakaagiza kwamba popote palipo na "silaha" paandikwe "kitabu", na penye "risasi" paandikwe "maneno".

"Na mtazisoma zikishachapwa?" Karani akauliza.

"Dada," akasema mwenyekiti, "hii ni kamati ya kuandika. Ya kusoma haijaundwa."

Kaimu naye, asionekane hajachangia, akaongeza kifungu kimoja alichokikumbuka kutoka kwenye taratibu za zabuni: ili kuepusha upendeleo, mtoto asisomewe na ndugu yake wa damu. Kamati ikampigia makofi. Kisha akatia sahihi yenye mikia mitatu, Waziri akatia ya kwake, na ukurasa wa mwisho ukagongwa muhuri wa IMEONWA. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Idara. Karatasi huonwa. Kusoma ni jambo la watoto.

Kifungu cha ndugu wa damu kikaanza kazi mara moja. Siku ya chanjo akina mama wakawa wanabadilishana watoto, huyu anamsomea wa yule, na kwa kuwa tenga lilikuwa kwenye uratibu, walisoma kadi za kliniki na maboksi ya sabuni. Mama mmoja alifika na mtoto asiye wake mpaka kona ya duka la dawa ndipo akashtuka kwamba huyu wa leo ana meno. Kwenye ripoti Kaimu aliandika: ushirikishwaji wa jamii umeongezeka.

Vitabu vipya navyo vilikuwa njiani. Jalada lilipita bila kikwazo: kuku aliyevaa kofia. Yaliyomo ndiyo yaliyokwama, kwa sababu kamati haikukubaliana kama kuku anaruhusiwa kusema bila kushirikisha mamlaka zinazohusika na mifugo. Basi zikachapwa nakala elfu sita zenye jalada la kuku na kurasa nyeupe pepepe, zikaitwa awamu ya kwanza.

Yote hayo Kaimu aliyaendesha vizuri tu. Kilichomshinda kilikuwa nyumbani kwake.

Binti yake alikuwa anakaa kwao kwa muda, maana mumewe alikuwa kazini mbali. Alijifungua mtoto wa kike, mashavu kama maandazi, na huyo mtoto kila jioni alikuwa na saa yake ya kulia. Analia mpaka majirani wanazima redio. Na dawa yake ilikuwa moja: mama yake afungue kitabu kimoja cha kitambaa kilichonusurika uratibu, amsomee. Akisomewa, ananyamaza, anakodoa macho. Kaimu akiwa sebuleni, mafaili mapajani, akawa anasikia kila kitu.

"Mwanangu," akasema jioni moja mlangoni, "wewe ni ndugu yake wa damu."

"Mimi ni mama yake, Baba."

"Si ndicho ninachosema."

Binti akaendelea kusoma. Kaimu akaenda mezani, akaandika barua ya onyo, aya tatu, akaipenyeza chini ya mlango, nakala akaiweka kwenye faili. Asubuhi binti alitoka na begi, mtoto mgongoni. Alikuwa anahamia kwa shangazi yake, nyumba ya tano kutoka pale.

"Baba, sikugombi," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ila mjukuu wako hutambeba tena mpaka siku utakayomsomea. Hata ukurasa mmoja."

Mkewe alisubiri geti lifungwe. "Kaimu. Umemfukuza mtoto kwa barua?"

"Ni onyo la kwanza tu, mke wangu."

"Haya. Kula na hiyo nakala."

Ilimuuma. Tusizunguke, ilimuuma sana. Nyumba ilikuwa kimya, na kila kona ilinukia poda ya mtoto. Wiki saba mfululizo Kaimu alipita mbele ya nyumba ya dada yake, faili kwapani, akijifanya anakagua mtaro. Shangazi mtu alikuwa anamwona dirishani, anatikisa kichwa. Akirudi nyumbani Kaimu alimwambia mkewe kwamba akishathibitishwa tu, ataandika waraka wa kulegeza masharti.

"Ukishathibitishwa," mkewe akamjibu akipepeta mchele, "huyo mtoto atakuwa ameshaolewa."

Siku ya uzinduzi ikawadia, ikaangukia Jumanne. Uwanja wa zahanati ulifungwa maturubai, ikawekwa meza kuu yenye viti tisa na kitambaa cha buluu. Waziri alikuwa katikati. Kulia kwake Katibu, kushoto Mkuu wa Itifaki, kisha wenyeviti wa kamati mbalimbali, na mwisho kabisa, kwenye kiti kisicho na mikono, Kaimu. Kila mmoja alikuwa na nakala ya Kanuni mbele yake, mpya, haijakunjwa. Karani wa Masijala alikaa pembeni na daftari la kumbukumbu. Kando, chini ya ukuta, akina mama wa chanjo walikuwa kwenye foleni yao kama kawaida, kwa sababu chanjo haisubiri uzinduzi.

Ratiba ilisema Waziri atamsomea mtoto mteule mbele ya kamera. Mtoto mteule alikuwa amepatikana kwa mchujo, hana undugu na afisa yeyote, na alikuwa amefanya mazoezi mara tatu. Ilipofika zamu yake alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

"Mwamsheni," akasema Mkuu wa Itifaki.

"Mtoto aliyelala haamshwi," akasema Mkunga, kwa ile sauti yake, "hata na serikali."

"Basi yupi yuko macho?"

Foleni nzima ilikuwa imelala, jua lilikuwa kali. Aliyekuwa macho alikuwa mmoja tu, mashavu kama maandazi, mikononi mwa binti wa Kaimu. Mkuu wa Itifaki akanyoosha mikono. Binti akamtazama baba yake kule mwisho wa meza. Kaimu akaangalia chini. Mtoto akatolewa, akapelekwa kwa Waziri.

Waziri alimshika kama mtu aliyeshikishwa sufuria ya moto. Akafungua kitabu cha kuku mwenye kofia. Ukurasa mweupe. Akafunua wa pili, mweupe. Akafunua katikati, akafunua mwisho, akakitikisa kidogo. Kamera ziko usoni.

"Nimesahau miwani," akasema Waziri, miwani ikiwa puani.

Akampa Katibu kitabu pamoja na mtoto. Katibu akafunua, akafunga. Naye alikuwa amesahau miwani. Mkuu wa Itifaki vilevile. Mtoto na kitabu vikasafiri meza nzima, mkono kwa mkono, na ikabainika kwamba viongozi wote walikuwa wamesahau miwani, wakiwemo sita waliokuwa wameivaa. Vilipofika kiti cha mwisho mtoto alikuwa ameshachoka na serikali. Mdomo ulianza kutetemeka, kisha akaachia kilio cha saa yake ya jioni, na ilikuwa saa nne asubuhi.

"Kaimu!" Waziri akang'aka kwa meno yaliyokuwa bado yanatabasamu kwa ajili ya kamera. "Msomee mtoto! Umma unasubiri!"

Kaimu alikuwa amembeba mjukuu wake kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba. Mtoto alikuwa ameongezeka uzito. Akisoma, anavunja kifungu alichokitunga mwenyewe. Asiposoma, Waziri anaaibika na bahasha inarudi ilikotoka. Na mbele yake, hatua tatu tu, binti yake amesimama mikono mitupu.

"Ukurasa mmoja tu, Baba," akasema kwa sauti ya chini.

Chenye maandishi mezani pale kilikuwa kimoja. Kaimu akafungua Kanuni.

"Kifungu cha kwanza," akaanza. "Kitabu kitahifadhiwa ndani ya kabati lenye kufuli, mahali ambapo mtoto hawezi kukifikia."

Mtoto akanyamaza. Akakodoa macho.

"Kifungu cha pili. Ni marufuku kumwelekezea mtu kitabu, hata kama kinaaminika hakina kitu ndani."

Kwenye foleni mtu akacheka, akajiziba mdomo kwa khanga. Kaimu akasita, akarudia ile sentensi kichwani. Alikuwa anazisikia Kanuni hizi kwa mara ya kwanza, sawa na mtoto.

"Kifungu cha tatu. Kitabu kitasafirishwa maneno yakiwa yameondolewa."

"Hicho tumekitekeleza kikamilifu," Mkuu wa Itifaki akamnong'oneza Waziri.

"Kifungu cha nne. Atakayekutwa na kitabu sokoni, msikitini, kanisani au kwenye mkusanyiko wa watu, atakiweka chini polepole na kuinua mikono juu."

Hapo foleni ilivunjika mbavu. Mstaafu wa posta aliinama akishika magoti. Mkunga alikuwa anafuta machozi kwa kola ya gauni. Na mtoto, kuona watu wanacheka na sauti nzito ya babu inaendelea, naye akacheka, fizi tupu, akaishika tai ya Kaimu kwa mikono miwili. Kaimu akaongeza madoido. Kifungu cha sita alikisoma kwa sauti ya jitu, cha saba kwa sauti ya panya. Hata Waziri alikuwa anatikisika mabega. "Nani kaandika upuuzi huu?" akauliza.

"Sahihi ni yako, Mheshimiwa," akasema Karani wa Masijala. Waziri akaacha kutikisika.

Kisha Kaimu akakiona kifungu cha tisa kabla hajakifikia. Angeweza kuishia hapo. Ukurasa mmoja ulikuwa umeshapita, binti ameridhika, Waziri ameokoka, bahasha ipo. Hakuna aliyejua pale mezani kwamba mtoto ni damu yake. Lakini mtoto alikuwa anamtazama mdomo, anasubiri, na mtu hawezi kumdanganya anayemtazama hivyo.

"Kifungu cha tisa. Mtoto hatasomewa na ndugu yake wa damu." "Huyu ni mjukuu wangu. Mtoto wa binti yangu huyu hapa."

Mkono wa msaidizi wa Waziri ukairudisha bahasha ya kaki ndani ya mkoba, taratibu, na Kaimu akauona ukifanya hivyo.

"Kaimu," akasema Waziri, "unajua adhabu yake?"

"Sijui, Mheshimiwa. Sijafika."

"Hujafika wapi?"

"Kifungu cha kumi."

"Endelea, Baba," binti akasema. Sasa alikuwa analia, waziwazi, wala hajifichi.

"Kifungu cha kumi. Afisa atakayetenda kosa hilo atavuliwa wadhifa wake papo hapo." Sauti yake ilitetemeka, na mtoto akadhani ndiyo sauti ya mnyama mpya, akacheka kwa nguvu zaidi. Miaka tisa iliishia hapo, kwenye kicheko hicho.

Waziri akarekebisha koti. "Pole, bwana. Sheria ni msumeno."

"Ahsante, Mheshimiwa. Naomba nimalizie, bado anasikiliza. Kifungu cha kumi na moja. Afisa yeyote aliyekuwepo wakati kitabu kinatumika kinyume cha Kanuni hizi, na asizuie, atahesabiwa ametenda kosa hilo yeye mwenyewe, na adhabu itakuwa ileile, bila kujali cheo."

Viti vikalia mezani. "Soma tena," akasema Waziri. Kaimu akasoma tena, na hakikuwa kizuri zaidi mara ya pili.

"Mzuieni!" Waziri akasimama. "Zuia huyo! Nyang'anya!"

Karani wa Masijala akaangalia saa yake. "Amesoma dakika kumi na mbili, Mheshimiwa. Na aliyemwamuru asome ni wewe, nimeandika."

"Hicho si kitabu! Hizo ni kanuni!"

"Kina jalada. Jalada ndilo tulilokubaliana kuwa kitabu."

"Mimi nilijuaje kama ni mjukuu wake?"

"Kifungu cha kumi na mbili," Kaimu akamwambia mtoto, kwa sauti ya kubembeleza kabisa. "Kutojua si utetezi."

Foleni ilipiga makofi mpaka watoto wote wakaamka, akiwemo mteule. Karani alihamisha kiti chake hadi mwanzo wa meza kuu, akafungua ukurasa mpya, akalamba kidole. "Naomba majina kamili kwa herufi kubwa, na wadhifa aliokuwa nao mtu mpaka leo asubuhi." Wenyeviti wa kamati wakatazamana. Mkuu wa Itifaki akauliza kama waliokuwa wanacheka wanahesabiwa pia.

Binti akasogea, Kaimu akaanza kumrudishia mtoto. "Kaa naye, Baba," akasema. "Mkono wako umezoea." Akavuta kiti kile kisicho na mikono, akamkalisha babu mtu kwenye kivuli, mbali na meza. Mkunga naye alikuwa ameshasimama mbele ya Karani, kiganja wazi. Karani akatoa funguo za stoo mfukoni bila kuulizwa, maana vielelezo, akasema, hurudishwa washtakiwa wakipatikana.

Waziri akabaki amesimama peke yake katikati ya kitambaa cha buluu. Akachomoa kalamu yake ya dhahabu.

"Nafuta Kanuni hizi," akatangaza. "Sasa hivi. Lete karatasi nitie sahihi."

"Ni jambo rahisi sana," akasema Karani, akiendelea kuandika. "Kuzifuta kunahitaji sahihi moja tu, ya Waziri."

"Basi lete!"

Karani akafika mwisho wa mstari, akaweka nukta, akainua uso. Kwa mara ya kwanza watu wakayaona meno yake.

"Waziri hayupo," akasema. "Akiteuliwa mwingine tutamwandikia."